Hawaliwi

Mama mwenye nyumba wangu aliuliza siku ya tatu, akiwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi. "Mwanangu, hawa utawala lini?"

Nikamwambia hawaliwi. Akawatazama tena: samaki watatu ndani ya kioo, mkubwa wao hafikii urefu wa kidole changu cha mwisho. "Basi wanauzwa?" Hawauzwi. "Ni dawa?" Si dawa. Akacheka kwa upole, kama anavyocheka mtu aliyegundua kuwa mpangaji wake amesoma kupita kiasi, akarudi kupepeta.

Sikumlaumu. Yeye ana wajukuu wa kulisha, na katika maisha yake samaki akiingia ndani ya nyumba huwa anaelekea jikoni. Lakini baadaye niliulizwa maswali yaleyale matatu na watu wenye shahada, katika chumba chenye feni na projekta, na hao ndio ninaobishana nao hapa. Nabishana pia na wewe, kijana mwenzangu uliyesoma, unayeona kufuga samaki asiyeliwa ni mambo ya wazungu.

Samaki wangu wanaitwa Nothobranchius kilomberoensis. Jina la pili ni la bonde letu, lakini limevaa Kilatini. Wavuvi wa Kindamba niliowauliza kando ya mto walinitajia kambale, perege, kitoga, mbala na ngogo, kila mmoja na msimu wake na namna ya kumpika. Nilipowaonyesha huyu, wakasema hivyo ni vidagaa tu vya madimbwi. Si dagaa. Ni wa kundi ambalo wafugaji duniani huliita kilifishi, na Tanzania ina spishi nyingi za jenasi yake kuliko nchi nyingine yoyote.

Maisha yake ni haya. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yaliyolala ndani ya udongo tangu msimu uliopita yanaanguliwa. Ndani ya wiki chache tu vifaranga wamekuwa watu wazima: dume anawaka rangi, mkia mwekundu, jike ana rangi ya tope na hajali. Wanataga kila siku, yai mojamoja, wakilikandamiza ndani ya tope kwa miili yao. Kiangazi kinakuja, dimbwi linakauka, na wote wanakufa. Hakuna mzazi anayewaona watoto wake. Kinachobaki ni mayai ndani ya udongo mkavu uliopasuka, hai, yakisubiri. Na si yote yanayoanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine yanabaki yamelala, kwa sababu mvua ya kwanza huweza kudanganya. Mkulima yeyote wa Kilombero anaielewa hesabu hiyo.

Niliwavua kwenye dimbwi moja pembeni mwa barabara, kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye waya. Kioo nilitengenezewa na fundi wa madirisha. Maji ni ya mvua, na kila baada ya siku mbili natoa theluthi moja na kuongeza mengine. Naweka chumvi kidogo sana, kwa sababu bila hiyo huwapata ugonjwa unaowafunika vumbi kama la dhahabu, na wakishapendeza hivyo wanakufa. Ndani nimeweka kibakuli cha nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa. Humo ndimo wanamotaga.

Chakula chao ni viluwiluwi wa mbu. Nawazalisha kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nawachuja asubuhi na jioni, na nawahesabu. Lazima nihesabu. Kiluwiluwi asiyeliwa leo, baada ya siku chache anakuwa mbu ndani ya chumba changu. Chakula nilichokosea hesabu huja kuniuma usiku.

Sasa tazama mji huu. Ifakara inajulikana duniani kwa mbu. Profesa Rudolf Geigy alifika hapa kutoka Uswisi mwaka 1949. Maabara ikafunguliwa 1957, nayo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika kijiji cha Kining'ina wamejenga vibanda vikubwa vya wavu ambavyo watafiti huviita Mji wa Mbu. Humo mbu wana joto lao, maji yao na maji ya sukari. Na viluwiluwi wao, soma tafiti zilizochapishwa kutoka hapa, mara nyingi hulishwa Tetramin. Tetramin ni nini? Ni chakula cha samaki wa mapambo, kinachotengenezwa Ujerumani. Mji ninaoishi huwapa mbu chakula cha samaki, na mimi nyuma ya nyumba nawapa samaki mbu. Mmoja wetu anaonekana mwanasayansi na mwingine anaonekana amechanganyikiwa.

Siwabezi watafiti wa mbu. Wameokoa maisha, na huenda langu ni mojawapo. Ninachosema ni kwamba hakuna anayewauliza, "Hawa mtawala lini?" Tumekubali kwamba adui anastahili kulishwa, kuhesabiwa na kujulikana kwa undani. Asiye adui wala kitoweo ndiye hatuna muda naye.

Mimi kulisha nilijifunza Dar es Salaam. Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilifundisha tuisheni nyumba moja Mikocheni, na sebuleni palikuwa na tangi la maji ya chumvi lenye mawe na matumbawe. Ndani yake aliishi samaki mvuvi mdogo, mwenye umbo la jiwe lililoota ukungu. Alikuwa haogelei sana, alitembea kwa mapezi. Juu ya mdomo ana kijiti chenye kinyama nchani, anakitikisa kama chambo. Samaki anayekuja kuchungulia hatuonani naye tena. Baba wa nyumba alimlisha nyama ya kamba wa baharini kwa kijiti, akikitikisa taratibu ili ionekane hai, mara mbili tatu kwa wiki, basi. Aliniambia wengi huwaua kwa kuwashibisha, wengine kwa kuwainua na wavu wakameza hewa. Tena hawekwi na samaki wadogo, kwa maana anaweza kummeza mwenye ukubwa kama wake.

Mzee yule aliuza vipuri vya magari. Hakuwa na karatasi hata moja aliyoandika. Lakini alijua kiumbe kile kinapumuaje kikiwa na njaa na kinapumuaje kikiumwa, kwa sababu kila wiki ilimbidi aamue: leo nimlishe, au nimwache? Kulisha kunakulazimisha kutazama. Ukikosea, jibu linaelea juu ya maji asubuhi.

Ndiyo maana siwezi kuimba ule wimbo wetu rahisi, kwamba wazungu wametuibia samaki. Mwaka 2002 bonde hili lilipata heshima mbili. Mwezi Aprili uwanda wa mafuriko wa Kilombero, karibu kilometa za mraba 8,000, uliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka huohuo Wildekamp, Watters na Sainthouse walieleza spishi mbili mpya kutoka bonde hili: kilomberoensis na geminus. Waliwachapisha katika jarida la chama cha Wamarekani wanaofuga kilifishi, watu wanaowasha taa ya kioo chumbani wakitoka kazini. Leo mayai ya samaki hawa husafiri kwa posta, yakiwa ndani ya mboji yenye unyevu, mfuko umeandikwa spishi, mahali na mwaka. Hawa watu waliamka asubuhi wakalisha, miaka na miaka. Sisi tulikuwa tunapita kando ya dimbwi. Asiyekujua hakuthamini, na hatukutaka kujua.

Hapa sina budi kujishitaki na mimi. Nilipopeleka andiko langu la utafiti wa shahada ya uzamili, nililipeleka likisema ukweli: nataka kujua samaki hawa wamebaki kwenye madimbwi yapi. Niliulizwa, "Faida yake kwa jamii?" Nikarudi nyumbani, nikaongeza aya moja. Nikaandika kwamba samaki hawa hula viluwiluwi, kwa hiyo watasaidia kupunguza malaria. Andiko likapita.

Aya ile ina ukweli nusu, na nusu nyingine naijua. Wanakula viluwiluwi, ndiyo. Lakini katika bonde hili sehemu kubwa ya malaria inaenezwa na Anopheles funestus, mbu anayependa maji yasiyokauka. Samaki wangu wameumbwa kwa maji yanayokauka. Hao wawili hawakutani sana. Nilimvalisha samaki sare ya askari ili aruhusiwe kuishi, na kesho mtu akipima na kuona hapunguzi malaria, atakuwa na haki ya kusema: basi hana kazi. Nitakuwa nimempa mimi hoja hiyo.

Nimesikia jibu lenu. Nchi ni maskini, Kilombero ni ghala la mchele, na mwenye njaa hasubiri kidagaa. Mimi nimesomeshwa na mpunga. Ada yangu ilipimwa kwa magunia. Siombi jaruba hata moja liondolewe. Ila msitumie njaa ya mama mwenye nyumba wangu kama kisingizio cha uvivu wa wasomi. Yeye aliuliza maswali matatu, akapata majibu, akaendelea kuangalia. Wasomi waliuliza moja wakafunga faili. Na kutazama dimbwi kabla ya kulifukia kunagharimu kiasi gani? Chandarua, waya, na asubuhi moja ya mvua.

Nasema kufukia kwa sababu ndicho kilichotokea. Nilirudi kwenye dimbwi langu mwezi Agosti. Malori yalikuwa yamemwaga kifusi. Vigingi vilishapigwa, viwanja vinapimwa. Nilimuuliza kijana aliyekuwa anasawazisha kama wanajua hapa palikuwa na samaki. Alinitazama kwa huruma. "Kaka, hapa pakavu." Na kweli palikuwa pakavu. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyevunja sheria ninayoijua. Ukija kiangazi, utaona udongo uliopasuka na utaandika kwenye fomu: hakuna kitu. Wakati huo wote walikuwemo, kizazi kizima, chini ya buti zake, wakisubiri Desemba. Walizikwa wakiwa hai na watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Tuna sheria ya mazingira, tuna orodha ya Ramsar, tuna wahitimu wa ikolojia wanaoendesha bodaboda kwa kukosa ajira. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kwenye dimbwi msimu wa mvua. Kila shule ya sekondari ya bonde hili ingeweza kuwa na kioo kimoja, na mwanafunzi mmoja mwenye zamu ya kuchuja viluwiluwi. Miaka kumi ya zamu hizo, na tungekuwa na ramani ambayo leo hatuna. Tungekuwa hata na jina la Kiswahili.

Mwezi uliopita niliitwa chuoni Morogoro kwa siku sita. Nilimwachia mama mwenye nyumba kichujio na maelekezo: shikamoo nyingi, na viluwiluwi ishirini asubuhi, ishirini jioni. Niliporudi dume na jike mmoja walikuwa hai. Jike wa pili amekufa, na mama alikuwa amemzika chini ya mpapai, kwa aibu, kama aliyevunja kikombe cha mgeni.

"Yule alianza kujificha siku ya tatu," akaniambia. "Huyu mwekundu alikuwa anamfukuza, hamwachi ale. Nikawa namwagia chakula pande mbili. Nilichelewa, mwanangu."

Shahada mbili nilizonazo na ninayoitafuta sikuwa nimeliona hilo. Niliandika daftarini maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe.

Nyuzi za makumbi nimezikamua na kuzifunga kwenye mfuko. Kwa tochi nimehesabu mayai thelathini na mawili. Mfuko nimeuandika mwaka, Ifakara, na jina la barabara. Nikiyalowesha mvua zikianza, yatahitaji dimbwi lingine, na mpaka sasa sijalipata. Mfuko uko juu ya kabati la mama mwenye nyumba, mbali na jiko. Yeye ndiye aliyechagua mahali.