Shahada ya Siasa na Ububu wa Wenye Kuisoma

Mpwa wangu alirudi kisiwani kwa likizo ya mwaka wake wa pili chuoni, akiwa na mzigo wa karatasi za kunakili, zile ambazo wanafunzi wenyewe huziita madesa. Anasomea shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Jioni, barazani, baada ya shikamoo na habari za safari, nilimuuliza swali moja tu: "Hebu nieleze, baba, uchaguzi wa Julai 1963 hapa kwetu ulikwendaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa adabu: "Mjomba, hilo hatukufundishwa." Nilipomtaka anieleze uchaguzi wa Uingereza, alinieleza kwa ufasaha, tena kwa Kiingereza.

Simlaumu kijana. Ninaowalaumu ni sisi tuliompeleka na wale waliompokea.

Tuanze na sisi. Wamo miongoni mwetu wanaosema kuwa siasa ni mchezo mchafu, na kwamba kijana mwenye akili akasome uhasibu au udaktari. Neno hili hutamkwa kama hekima. La hasha! Ni woga uliovishwa kanzu. Visiwa hivi vilizika watu Juni 1961, vikazika Januari 1964, vikazika tena Januari 2001. Aliyeyaona hayo ana haki ya kuogopa, lakini hana haki ya kuugeuza woga wake kuwa mtaala wa watoto wake. Maradhi yenye kuua ndiyo yanayostahiki zaidi kutafutiwa matabibu.

Sasa tuwageukie waliompokea. Katika uchaguzi ule wa 1963, chama cha ASP kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 tu kati ya 31. ZNP ilipata viti 12 na ZPPP 6. Vyama hivyo viwili vikaungana, vikaunda serikali. Imekuwaje wengi wa kura wakawa wachache wa viti? Jawabu limo katika majimbo yenyewe: kura za ASP zililundikana katika baadhi ya majimbo, ikashinda huko kwa wingi usioongeza kiti, na wenzake wakashinda kwingine kwa tofauti ndogo. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Sisemi kwamba hesabu hiyo peke yake ndiyo iliyoleta Mapinduzi. Mambo yale yalikuwa na mizizi mingi. Nasema kwamba asiyeijua hana msingi wa kuyajadili, na atabaki kurithi hasira za upande wake.

Hapo pana somo zima la shahada, nalo halihitaji mfano wa kuazima. Pana jingine: kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Na pana swali gumu zaidi: kwa nini maridhiano hayo hayakuzuia kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015 na kurudiwa Machi 2016? Kijana asiyefundishwa kuyauliza haya darasani, kwa utulivu na ushahidi, atayauliza njiani kwa mawe.

La pili ni lugha. Katiba yetu inasomwa kwa Kiswahili. Baraza la Wawakilishi linajadiliana kwa Kiswahili. Mgombea huomba kura kwa Kiswahili, na mpiga kura humkubalia au kumkatalia kwa lugha hiyo hiyo. Kwa nini basi mambo hayo yakiingia chuoni yavuliwe nguo zao? Mwanafunzi hukariri fasili za Kiingereza, asijiulize kwa nini Waswahili wana mamlaka na wana madaraka. Mamlaka yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kumiliki. Daraka ni wajibu aliotwishwa mtu. Je, kiongozi wetu anamiliki au ametwishwa? Swali hilo limo ndani ya maneno yetu, nasi tunalipita kama wageni.

Nitaambiwa kuwa istilahi hazitoshi na vitabu ni haba. Lakini katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, isimu na fasihi ya Kiswahili zimefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa, na istilahi zikapatikana kwa sababu zilihitajiwa. Vitabu je? Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, inamsimamisha mshitakiwa mbele ya watawala ajitetee kwa hoja. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitungwa gerezani, baada ya mshairi huyo kufungwa kwa kuandika Kenya Twendapi? mwaka 1968. Anayesomea dola na asisome haya amesoma nini? Wala sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema kiwe dirisha. Mlango tuuache uwe wetu.

Ninalodai ni dogo. Mwanafunzi wa siasa asipewe shahada mpaka aandike, kwa Kiswahili, utafiti wa uchaguzi mmoja au shehia moja ya kwao, kisha ausome mbele ya watu wa shehia hiyo na kujibu maswali yao. Atakayeweza kusimama mbele ya wazee wa pande mbili, akatetea hoja bila ya kutukana wala kutukanwa, huyo ndiye msomi tuliyemlipia ada.

Mpwa wangu amekwisha rudi chuoni. Safari hii mzigoni mwake imo karatasi moja niliyomwandikia kwa mkono wangu: 54, 13, 31. Namngoja aje na jawabu la mwalimu wake.