Bosi mdogo naye anachoka, nani anamjulia hali?

Ni saa 2:30 usiku, familia iko mezani na ugali bado wa moto. Simu ya mama inaita. Ni muuguzi wa zamu: “Sista, mwenzangu hajafika na wodi imejaa.” Mama anaacha tonge, anatoka nje na kupiga simu moja baada ya nyingine akitafuta wa kuziba pengo. Anaporudi, watoto wameshalala na chakula kimepoa.

Huo ni mfano tu, lakini nyumba nyingi zinaufahamu. Leo ni muuguzi kiongozi wa wodi, kesho ni msimamizi wa zamu kiwandani, mwalimu wa taaluma shuleni au meneja wa tawi. Hawa ni mabosi wa kati. Mara nyingi hawapangi bajeti, hawaajiri wala hawapandishi mshahara wa mtu. Hata hivyo, wakubwa wakikosa matokeo huwauliza wao, na walio chini wakikosa posho au likizo huwafuata wao. Wanadaiwa majibu pande zote mbili, na majibu hayo hayako mikononi mwao.

Sheria nayo haiwalindi wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na saa tisa kwa siku. Lakini masharti hayo ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Si kila msimamizi anaingia humo, ila anayeingia anaweza kupanda cheo na papo hapo akapoteza kinga ya muda wake. Likizo ya mwaka ya siku 28 inabaki kuwa haki yake, na ni vizuri aichukue.

Dalili za kuangalia

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa uchovu uliopitiliza wa kazi si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba hakuna unachokifanya kikafaa.

Nyumbani dalili huja kwa namna nyingine. Mzazi anafokea watoto kwa kikombe kilichomwagika. Usiku hapati usingizi, Jumapili jioni anakuwa mkimya, na simu haimtoki mkononi hata akiwa kitandani.

Mwajiri afanye nini?

Aanze na ile simu ya usiku. Wasimamizi wapangiwe zamu ya kuipokea, ili asiyekuwa zamu ale na kulala. Pili, wapewe uwezo wa kuamua mambo madogo, kama kumwita mtu wa akiba bila kusubiri saini ya mkubwa.

Tatu, mafunzo. Muuguzi hodari au mwalimu hodari hajui kusuluhisha ugomvi wa wafanyakazi kwa sababu tu amepewa cheo. Miongozo ya WHO ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inapendekeza mameneja wafundishwe namna ya kuwasaidia walio chini yao.

Mwisho, mkubwa wake atenge hata nusu saa kwa wiki ya kumuuliza “nini kinakukwamisha?” kabla ya “ripoti iko wapi?” Na kama kuna la kumkemea, asimkemee mbele ya anaowaongoza.

Na nyumbani je?

Mwenza asimpokee mlangoni kwa ada na bili ya umeme. Ampe muda aoge, apumue. Kisha amuulize siku ilikwendaje, amsikilize bila kumwambia alipokosea. Wakubaliane saa ya kuweka simu kando, na kama ni zamu yake ya kuipokea, familia ijue mapema. Watoto nao waambiwe kwamba mama amechoka na kazi, hajawakasirikia wao. Na kama amewafokea, si aibu mzazi kuomba radhi.

Huzuni, kukosa usingizi au kukata tamaa kukizidi wiki mbili, aende kituo cha afya akaeleze kila kitu. Akianza kusema heri asingekuwepo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Cheo ni dhamana, lakini aliyekabidhiwa dhamana hiyo ana mwili unaochoka na watoto wanaomsubiri mezani.