Dume mkubwa si lazima awe na damu ya kuhimili masika

KWA mfugaji wa Handeni au Korogwe anayeuza kondoo kwa uzito, dume la Dorper ni kishawishi kikubwa. Mbegu hiyo ya Afrika Kusini hukua haraka kuliko kondoo mwekundu wa Kimasai. Swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni kama damu yake itahimili minyoo ya masika.

Adui mkubwa ni mnyoo anayekaa kwenye tumbo la nne na kunyonya takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Ni tone tu. Lakini minyoo 5,000 humaliza robo lita kila siku, na kondoo wa kilo 30 ana damu isiyozidi lita mbili hivi.

Hapo ndipo urithi unapoingia. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, ina aina mbili kuu kwa kondoo, A na B. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kuwa kila mwanakondoo hurithi moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye A akipungukiwa damu hutengeneza aina ya tatu, C, inayoachia oksijeni mwilini kwa urahisi zaidi. Mwenye B tupu hawezi. Baadhi ya tafiti zilikuta wenye A wakistahimili minyoo vizuri zaidi, nyingine hazikuona tofauti. Kumchagulia mfugaji dume kwa kipimo hicho peke yake ni kumpotezea fedha.

Ushahidi wenye uzito uko jirani, Diani, pwani ya Kenya, ambako watafiti wa ILRI walilinganisha mbegu hizo mbili miaka ya 1990. Wanakondoo wa Kimasai walikuwa na mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, upungufu mdogo wa damu na vifo vichache. Kwenye maeneo makavu faida hiyo hupungua, kwa hiyo anayechungia mabonde yenye unyevu karibu na Mto Pangani ana la kupoteza zaidi kuliko mwenzake wa nyika kavu.

Kwa kuwa dume mmoja hupanda majike wengi, kosa la kumchagua huenea kundi zima. Kipimo cha bure ni kope: katikati ya masika, dume ambaye hajapewa dawa na utando wa ndani ya kope zake bado ni mwekundu, wakati wenzake wamepauka, ndiye wa kubakizwa. Wengi humuuza huyo kwanza, sikukuu ya Idd ikikaribia, kwa sababu ni mdogo.