Redio za upepo baada ya Lebanon: hatari iko wapi hasa?

Septemba 17, 2024, maelfu ya peja zililipuka mikononi na viunoni mwa wanachama wa Hezbollah nchini Lebanon. Kesho yake zikafuata redio za upepo, zile za mkononi zenye antena fupi. Mlipuko mmojawapo ulitokea Beirut katikati ya mazishi ya waliouawa siku iliyotangulia. Kwa siku mbili hizo zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwamo watoto, na maelfu walijeruhiwa, wengi wao macho na vidole. Mamlaka za usafiri wa anga za Lebanon zikapiga marufuku abiria kupanda ndege na vifaa hivyo.

Tangu hapo swali moja halijaisha midomoni mwa watu: je, redio aliyonayo askari wa wanyamapori, mlinzi wa shamba la miwa au dereva wa watalii inaweza kumlipukia vilevile?

Jibu letu ni hapana, na sababu yake ni muhimu kuielewa. Kilicholipuka Lebanon hakikuwa betri iliyopata joto. Desemba 2024, maofisa wa zamani wa shirika la ujasusi la Israel, Mossad, waliieleza televisheni ya CBS ya Marekani kwamba kilipuzi kilifichwa ndani ya betri za redio hizo, na kwamba Hezbollah ilikuwa imenunua zaidi ya 16,000. Kuhusu peja, Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu alikwishakiri Novemba mwaka huo kwamba aliidhinisha shambulio. Huo ni mtego wa kivita, ulioandaliwa kwa miaka. Hakuna mtu anayeweza kupiga simu kutoka mbali akaigeuza betri ya kawaida kuwa bomu.

Lakini ndani ya kisa hicho kuna jambo linalotugusa huku kwetu. Kampuni ya Icom ya Japani, ambayo jina lake lilionekana kwenye mabaki, ilisema iliacha kutengeneza redio ya aina hiyo pamoja na betri zake tangu Oktoba 2014, na kwamba hazikuwa na kibandiko cha kutofautisha halisi na bandia. Kwa hiyo watu walinunua kitu chenye jina kubwa bila kujua kimetoka wapi. Nani kati yetu hajanunua betri au chaja namna hiyo, iwe ya redio au ya simu?

Hapo ndipo tunapoona hatari ya kweli. Betri ya lithiamu hailipuki kama bomu, ila huvimba, hutoa moshi wenye sumu na kuwaka moto mkali. Vijijini tunachaji kwa sola au kwa betri ya pikipiki, na fundi wa mtaani anaweza kukuunganishia waya mbili moja kwa moja. Redio nyingi za mkononi zina betri ya volti 7.4, ambayo ikijaa kabisa hufika volti 8.4. Ukiipelekea volti 12 bila chaja yake, unaichokoza. Betri iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja, wala isitobolewe ili "itoe hewa". Usiichaji chini ya mto au kwenye nyumba ya makuti watu wakiwa wamelala. Na usiweke betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo au sarafu, maana chuma kikigusa ncha zake mbili hupata moto papo hapo.

Wachimbaji wadogo tunawasemesha peke yao. Pale panapotumika viwashio vya baruti vinavyowashwa kwa umeme, mawimbi ya redio iliyo karibu yanaweza kuingiza umeme kwenye waya wake na baruti ikalipuka kabla ya wakati. Ndiyo maana wataalamu wa ulipuaji huweka umbali maalumu na kukataza kubonyeza kitufe cha kuzungumzia ndani ya eneo hilo. Kubeba redio iliyozimwa ni jambo moja, kuita ukiwa umesimama juu ya tundu lililopakiwa baruti ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu mionzi, ambayo huulizwa sana, redio hutoa mawimbi yenye nguvu pale tu unapobonyeza kitufe. Ishike wima, sentimita chache kutoka mdomoni, na usiiguse antena unapozungumza. Antena iliyochanika ibadilishwe, kwa sababu inaweza kukuunguza ngozi.

Kuna hatari nyingine isiyo ya moto wala moshi, nayo ni kuaminiwa kupita kiasi. Redio haihitaji mnara wa simu, na hiyo ndiyo fahari yake. Lakini ile ya wati 5 huenda mbali pale tu penye uwazi. Kilima kimoja kikiwa katikati, mwenzako hakusikii, hata kama boksi liliandika kilomita nyingi. Ijaribuni mahali mtakapofanyia kazi kabla hamjaitegemea kuokoa maisha. Kitufe nacho kikinasa chini ya mkanda wa begi, redio moja hufunga njia ya wote, na mwenye shida hawezi kupenya.

Vilevile, redio za kawaida hazina siri. Yeyote mwenye kifaa cha masafa hayohayo anasikia. Ukitangaza kwamba fedha za mishahara zinapita barabara fulani, au kwamba faru ameonekana bonde fulani, umewaambia na wasiohusika.

Mwisho kuna leseni. Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na kote kuwili masafa hugawiwa kwa kibali na vifaa huhitaji kuidhinishwa. Wengi huona ni urasimu tu. Sisi hatukubaliani nao: redio ya bei ndogo iliyowekwa masafa ovyo inaweza kuingilia ya polisi, ya zimamoto au ya meli. Katika vyombo vya majini chaneli 16 ni ya kuitia msaada, na anayepigia soga hapo anaweza kuwa anamfunika mtu anayezama. Ukinunua redio iliyotumika, muulize muuzaji imewekwa masafa gani na ni ya nani. Akishindwa kujibu, mrudishie.