Zaburi kwa siku ambazo sala imekauka



Nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja anayesoma ukurasa huu, na kwa ruhusa yake naueleza hapa bila kutaja jina wala mahali. Mume wake alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia hauna nguvu na maneno yanamtoka kwa shida. Mama huyu anamgeuza kitandani, anamwogesha, anamlisha, na alfajiri anakaanga maandazi ya kuuza ili watoto wawili walio shuleni wapate nauli na madaftari. Mwanzoni wanajumuiya walikuja kusali naye kila wiki. Siku hizi wanakuja kwa nadra, na wanaokuja humwambia aongeze imani. Swali lake ni hili: akipiga magoti haombi tena, analalamika tu. Je, anatenda dhambi? Na kama hapaswi kulalamika, asali nini?

Mama, shikamoo. Hapana, hutendi dhambi. Kuhusu nini cha kusali, naomba nafasi ya kutosha, kwa sababu najua si wewe peke yako unayeuliza.

Fungua Biblia yako katikati, utaangukia Zaburi au karibu yake. Ni sala 150 zilizogawanywa katika vitabu vitano, na kwa Kiebrania kitabu chote kinaitwa Tehilimu, yaani sifa. Lakini ukizisoma moja baada ya nyingine utashangaa. Aina iliyo nyingi kuliko nyingine zote ni maombolezo. Katika Zaburi ya 6 kuna mtu anayelia usiku mpaka kitanda kinalowa. Katika ya 13, ndani ya aya mbili tu za mwanzo, msali anamuuliza Mungu mara nne hali hii itaendelea mpaka lini. Wa 55 ameumizwa na rafiki wa karibu, mtu waliyekuwa wakienda naye nyumba ya Mungu. Wa 77 hapati usingizi, na fadhaa imemzidi hata hawezi kusema. Hawa wote Waisraeli waliwaweka ndani ya kitabu kinachoitwa sifa, na hawakuona aibu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu siku hizi tumefundishwa vingine. Washa redio asubuhi, utasikia mhubiri akisema kwamba ukikiri udhaifu umejiletea udhaifu, kwa hiyo sema umepona hata kama homa imekushika. Mgonjwa anaona haya kusema anaumwa. Mjane anaona haya kulia baada ya arobaini. Mtunga zaburi angewashangaa watu hao. Yeye aliamini kwamba Mungu anasikia, ndiyo maana alimpelekea malalamiko. Mtu hapotezi muda kumlalamikia asiyekuwepo. Anayenyamaza kabisa na kugeukia ukuta ndiye ningemhofia zaidi.

Kuna Mwafrika mmoja aliyelijua hili vizuri. Agostino alikuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Alihubiri na kuandika juu ya zaburi zote 150, kazi iliyomchukua miaka mingi. Mwaka 430, akiwa mzee wa miaka 75, jeshi la Wavandali liliuzingira mji wake. Makanisa ya nchi ile yalikuwa yamechomwa, watu wamekimbia, na kazi ya maisha yake ilionekana kuporomoka mbele ya macho yake. Katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa akashikwa na homa. Rafiki yake, askofu Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba Agostino aliagiza zaburi za toba zinakiliwe na kutundikwa ukutani karibu na kitanda. Akawa anazisoma akiwa amelala, huku machozi yanamtoka. Aliomba wasiingie watu chumbani isipokuwa saa ya daktari na saa ya chakula, apate kusali. Tarehe 28 Agosti akafariki, na mji bado umezingirwa.

Huyu ni mtu aliyeweza kutunga sala zake mwenyewe, tena nzuri kuliko za wengi wetu. Saa ilipokuwa ngumu aliazima maneno. Alichotaka ni karatasi ukutani, mahali jicho linapofika bila kuinua kichwa. Ninyi mnaouguza mnaelewa kwa nini.

Sasa kuna matumizi mengine ya Zaburi ambayo yamezoeleka majumbani, na lazima niyaseme hata kama nitawaudhi baadhi yenu. Ni Zaburi ya 91. Biblia inaachwa wazi kwenye zaburi hiyo juu ya mto wa mtoto, au kwenye dashibodi ya daladala, kisha hakuna anayeisoma. Imekuwa kama hirizi. Kumbukeni nani aliyeinukuu zaburi hiyo katika Injili: ni Ibilisi, alipompeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajirushe chini. Injili ya Mathayo na ya Luka zote zinasimulia. Alitumia maneno ya ulinzi yaliyomo ndani yake ili kumfanya Yesu amjaribu Mungu, na Yesu akakataa. Zaburi ya 91 ni sala nzuri, isalini. Lakini anayeichukua kama mkataba kwamba ajali haitampata ataachwa patupu siku ajali itakapompata, na huenda akadhani Mungu amevunja ahadi.

Kanisa lenyewe limeipanga kwa hekima. Katika Liturujia ya Vipindi, sala ambayo mapadre na watawa huisali kila siku na walei wengi siku hizi wanajifunza, Zaburi ya 91 husaliwa Jumapili usiku kabla ya kulala. Ikifika Ijumaa usiku husaliwa ya 88. Hiyo ya 88 ni zaburi ngumu kuliko zote. Maombolezo karibu yote, hata yawe makali vipi, hufika mahali yakageuka, msali akakumbuka wema wa Mungu au akaahidi kumshukuru. Hii haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu anayeokoa, kisha inashuka, inashuka, na inaishia gizani. Ndipo mtu anafunga kitabu na kwenda kulala.

Wapo wanaouliza sala kama hiyo ina matumaini gani. Mimi nayaona matumaini katika jambo moja: haikufutwa. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuiacha au kuiongezea aya mbili za furaha mwishoni. Hawakufanya hivyo. Wakristo nao, wanaokumbuka Ijumaa kuwa siku ya mateso ya Bwana, wameiweka usiku wa siku hiyohiyo. Kwa hiyo Mama, usiku ambao huna neno jema la kumwambia Mungu, ipo sala ya usiku huo, na kuna watu wengi duniani wanaoisali pamoja nawe, wengine wakiwa wazima na wenye furaha, wakikusalia wewe bila kukujua.

Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Mathayo na Marko, alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, ambayo ni kilio cha mtu aliyeachwa na Mungu. Ukiisoma zaburi hiyo mpaka mwisho utaona inageuka, na msali anamsifu Mungu katikati ya kusanyiko. Wahubiri wengi hukimbilia hapo haraka. Mimi ningeomba tusikimbie. Aliyelia alikuwa akiumia kweli, na jua lilikuwa bado halijatua. Tumaini la Mkristo limepita katika kilio hicho, halikukizunguka. Na angalieni hata Zaburi ya 13 inavyogeuka: hakuna mahali inaposema kwamba adui ameondoka au ugonjwa umepona. Hali ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba msali amekwisha kusema yote, na baada ya kusema akakumbuka anasema na nani.

Mtaniuliza, vipi zaburi zenye laana? Zipo, wala si chache. Kanisa Katoliki lilipoipanga upya Liturujia ya Vipindi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, zaburi tatu, yaani ya 58, 83 na 109, ziliachwa kwa sababu ya ukali wake. Naelewa. Hata hivyo katika Biblia zimebaki. Mwanamke aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake baada ya mazishi ana hasira, na hasira hiyo ama ataimwaga mbele ya Mungu ama ataipeleka kwa mganga. Afadhali mbele ya Mungu, ambaye hatatenda kila analoombwa.

Jambo jingine ni kusali zaburi isiyofanana na hali yako. Leo una furaha, binti amefaulu mtihani, halafu unakutana na zaburi ya mtu aliye kaburini. Mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer, Mjerumani aliyewapinga Wanazi, aliandika kitabu kidogo juu ya Zaburi mwaka 1940. Alifundisha kwamba zaburi ni sala ya Kristo kabla ya kuwa sala yangu, kwa hiyo ile ninayoona si yangu leo, namsalia mwingine. Aprili 1943 alikamatwa na kufungwa katika gereza la Tegel, Berlin, miezi michache tu baada ya kuchumbia. Huko aliendelea kusoma Zaburi kila siku kama alivyozoea miaka mingi, na aliwaandikia wazazi wake hivyo. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Ninachokipenda katika habari yake ni lile neno kuzoea. Alijifunza akiwa huru, kwa hiyo alipofungiwa mlango tayari alikuwa nazo kichwani. Wenye watoto wadogo walifikirie hilo jioni hii.

Na wanajumuiya nao nina neno nao. Zaburi haimgeuzi mgonjwa kitandani. Anayekwenda kwa mama huyu kumwambia aongeze imani, aende na kibaba cha unga au gunia la mkaa, akae na mzee saa mbili, mama alale. Akishaamka, someni pamoja Zaburi moja mwende zenu. Na mazoezi ya viungo aliyoelekezwa hospitali yasiachwe kwa sababu ya maombi.

Turudi kwako, Mama. Usianze na mpango mkubwa. Zaburi ya 119 ina aya 176, hiyo iache. Alfajiri, wakati mafuta yanachemka, chukua ya 130. Ina aya 8 tu, na ni ya mtu aliye chini kabisa anayengoja asubuhi kama mlinzi wa usiku. Soma kwa sauti, hata ya chini. Zaburi zilitungwa kwa ajili ya mdomo, na mdomo huweza kusali wakati moyo umechoka. Ukifika mahali panapokugusa, simama hapo, usilazimike kumaliza. Siku ya machozi chukua ya 56, inayosema Mungu anayatunza machozi yetu ndani ya chombo. Ijumaa usiku, ukiweza, ya 88. Ukichoka kabisa, ya 131, aya 3, ambamo mtu ametulia kama mtoto aliye na mama yake. Watoto nao wape zamu ya kusoma baada ya chakula cha jioni, wala usiwaeleze sana. (Ukikuta namba mbili kando ya zaburi, moja kwenye mabano, usichanganyikiwe. Hesabu ya Kiyunani na Kilatini kwa sehemu kubwa iko nyuma kwa moja. Biblia zetu nyingi za Kiswahili hufuata ile ya Kiebrania.)

Tena kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa. Wanaotibu kiharusi wanajua kwamba baadhi ya wagonjwa waliopoteza usemi bado huweza kuimba, au kutamka maneno waliyoyakariri tangu utotoni, hata kama hawawezi kuomba maji. Umeniandikia kwamba mzee aliimba kwaya miaka mingi. Basi lazima anaijua Zaburi ya 23 kwa tuni mojawapo. Jioni moja kaa upande wake, mshike mkono ule wenye nguvu, uanze kuiimba polepole kwa tuni aliyoizoea. Ukifika katikati ya mstari, nyamaza kidogo, usikilize kama ataendelea.