Chupa Ikiisha, Niite!

Waandishi wenzangu, kuna sentensi moja nataka tuipigie kelele mpaka ifutwe katika wodi zetu. Nayo ni hii: "Chupa ikikaribia kuisha, niite." Sista anaisema, anaondoka zake, na kuanzia hapo mlinzi wa dripu ni shangazi, shemeji, au mtoto wa kidato cha pili aliyeleta uji. Haina matusi sentensi hiyo. Lakini nadai kwamba kwa maneno hayo hospitali imeutua mzigo wake na kumtwisha mtu asiyejua hata anaangalia nini.

Tumezoea kuiita dripu "maji", basi tunadhani ni maji kweli, kama ya mtungini. Hebu tuhesabu. Mpira wa kawaida wa watu wazima mara nyingi hutoa matone 20 kwa kila mililita 1. Chupa ya mililita 500 ikiagizwa iishe kwa saa 4, ni matone kama 42 kwa dakika. Nani amemwambia shangazi haya? Yeye anaona matone yanajikongoja, giza linaingia, anazungusha kile kigurudumu "ili mgonjwa amalize mapema". Na nia yake ni njema kabisa!

Kwinini, ambayo zamani ndiyo ilikuwa tegemeo letu kwa malaria kali, ilitakiwa iingie taratibu kwa saa kadhaa. Ikikimbia, shinikizo la damu hushuka na mapigo ya moyo huvurugika. Na maji matupu je? Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliolazwa na homa kali, damu haizunguki vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa kama 10 na nusu katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa hivyo, 7 na kidogo. Na hao walikuwa chini ya macho ya wataalamu! Maji ni dawa, jamani, na dawa ina kipimo.

Binamu yangu alilazwa katika hospitali moja ya hapa mjini, nami nikawa namuuguza. Mkono ukavimba kama andazi: sindano imetoka kwenye mshipa, maji yanaingia nyamani. Chupa ilikuwa bado nusu. Kwa amri tuliyopewa, hapakuwa na sababu ya kumwita mtu! Tuliambiwa tutazame chupa, mkono hakuutaja mtu. Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyepiga ukelele.

Najua nitajibiwa: manesi ni wachache, usiku mmoja anabeba wodi nzima, mshahara wenyewe ndio huo. Kweli tupu, na tuwatetee kwa kalamu zetu. Lakini uchache wa watu ni sababu ya kupanga kazi vizuri zaidi, si ya kuigawa kwa wageni. Kipande cha plasta kwenye chupa, kimeandikwa saa ya kuanza, saa ya kuisha na idadi ya matone, kinagharimu nini? Kupita kwa saa maalumu, kuangalia mkono, matone, kisha chupa, kunahitaji mashine kutoka Ulaya? Na yule asiye na ndugu, aliyeokotwa stendi, nani atamwitia sista?

Kuna jingine linaloniudhi. Katika hadithi nyingi za vijana ninazosoma, dripu ni pambo tu. Shujaa anatundikiwa chupa, ukurasa wa pili anafumbua macho, mpenzi wake huyo hapo na maua. Nani alihesabu matone? Nani alikuja saa nane za usiku? Msomaji anayefundishwa kwamba chupa hujiendesha yenyewe hatauliza kitu siku akilazwa mama yake.

Mimi nasema aulize, tena kwa adabu: Sista, hii ni dawa gani? Matone mangapi kwa dakika? Utapita tena saa ngapi? Ndugu kazi yake ni kushika mkono wa mgonjwa na kupiga ukelele akiona hatari. Kuilinda dripu ni kazi ya aliyeitundika.

Mwenye hoja tofauti ashike kalamu, namsubiri.