Tuhesabu Wavukao Kabla ya Kuomba Feri

Ndugu zangu wa Kasese, Bwera, Kilembe, Katwe na vijiji vyote vya katikati, mvua kubwa ikikata barabara wazo la feri huibuka upya. Utalisikia kwenye steji ya taxi, utalisikia sokoni Mpondwe siku ya Jumanne. Watu wa Kalangala wana feri, wa Obongi wana feri, wa Wanseko wanavuka kwenda Panyimur kwa feri, na sisi wenye mto kila baada ya kilima hatuna hata moja. Kwa nini mfanyakazi wa Kasese asipande chombo cha maji asubuhi akashukia upande wa Bwera, bila vumbi na bila kungoja taxi ijae?

Swali ni halali. Lakini ombi lisilopimwa likifika mezani kwa wakubwa hukataliwa kwa sentensi moja, nasi tunarudi kunung'unika mpaka uchaguzi mwingine. Kwa hiyo tulipime wenyewe kwanza.

Tuanze na mito. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa George liko kwenye mita 914 hivi. Baina yao, ukinyoosha kamba, hazifiki kilomita 70. Maji yanayoshuka hivyo hayana subira ya kubeba abiria. Ndiyo maana Mubuku, Nyamwamba na Nyamugasani yote imejengewa mitambo ya umeme: mteremko unaozungusha mashine ndio huohuo unaopasua mashua. Nenda ukasimame kando ya Nyamwamba mjini Kasese wakati wa kiangazi. Utaona akina mama wameketi juu ya mawe wakigonga kokoto, na maji yanapita pembeni yao kwa kina ambacho mtoto wa darasa la pili atavuka bila kulowesha magoti. Feri itaelea wapi hapo?

Kisha rudi mwezi wa Mei. Tarehe 1 Mei 2013 mto huohuo ulishuka na mawe makubwa na magogo, ukapiga Kilembe, ukaingia hospitalini, ukavunja madaraja. Mei 2020 ulirudi, na safari hiyo Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha nayo ilivunja kingo zake. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya, maelfu wakakosa makao, wengine wakaishia kambini Muhokya. Mwezi huu maji ya magoti, mwezi ujao mawe yanaviringika kama ngoma. Kati ya hali hizo mbili hakuna msimu wa feri.

Mwenye wazo atasema basi tuache mito, tutumie maziwa. Hapo kuna la kuzungumza, maana ramani inashawishi. Kuna Ziwa George, kuna Mfereji wa Kazinga, kuna Ziwa Edward, na yote ni maji yaliyoungana. Lakini fuata njia yenyewe. Mtu wa Kasese apande bodaboda mpaka Kahendero, aingie chomboni, ashuke na Ziwa George, apite mfereji wenye urefu wa kilomita 32, atokee Ziwa Edward, apite Katwe, ndipo afike Kayanja, kisha atafute bodaboda nyingine ya kumpandisha Bwera. Maji peke yake ni zaidi ya kilomita 60. Boti ya injini ikienda kilomita 15 kwa saa, hizo ni saa nne na zaidi. Barabara ya Kasese, Kikorongo mpaka Mpondwe haifiki kilomita 70, na taxi mbovu kuliko zote itakufikisha kabla boti haijamaliza mfereji.

Tena Ziwa George ni la kina kifupi, wastani wa mita mbili na nusu hivi, na mfereji una viboko wasiojua ratiba ya mtu. Boti za watalii za Mweya zinafanya biashara nzuri palepale, ni kweli. Ila mtalii hulipa ili boti iende polepole. Fundi anayekwenda kibaruani hulipa ili afike.

Tuangalie basi mahali ambapo feri hufanya kazi ya kila siku mjini. Likoni, Mombasa, maji ni nusu kilomita hivi, na huku na huku kuna mji uliojaa. Wanaovuka kwa siku hukadiriwa kuwa kama 300,000. Kigamboni, Dar es Salaam, ni hivyohivyo: kazi iko upande mmoja, nyumba upande wa pili, na ukitaka kuzunguka kwa barabara unapoteza asubuhi nzima. Maji mafupi na matulivu, umati pande zote mbili, barabara ya kuzunguka iliyo ndefu mno: hayo ndiyo yanayoifanya feri ilipe gharama yake. Nasema ilipe, ingawa kwa fedha hailipi. Likoni waenda kwa miguu hawatozwi, na feri ya Bukakata kwenda Luku haitozi nauli. Mafuta, injini na mishahara hulipwa na serikali. Anayeomba feri anaomba bajeti ya kila mwaka, milele.

Na hata wenye feri wanazikimbia. Dar es Salaam walifungua Daraja la Nyerere mwaka 2016. Mombasa walifungua daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni mwaka 2021. Mwanza, wasafiri wa Kigongo na Busisi waliosubiri pantoni miaka nenda rudi walipata daraja lao Juni 2025. Hatuna haja ya kwenda mbali, kwani hapo Katunguru wazee wetu walivushwa kwa feri kabla daraja halijajengwa, na sijasikia mtu akiomba feri hiyo irudishwe.

Nisemalo ni hili. Shida yetu ya kuvuka ni kubwa na ni ya kweli, ila dawa yake ni madaraja madogo ya waenda kwa miguu, mengi, yaliyojengwa juu ya mkondo wa mafuriko. Hatuyapati kwa sababu mavuko yetu hayaonekani kwenye karatasi. Wahandisi wa barabara huja na kuhesabu magari. Lori la saruji kutoka Hima linahesabiwa, basi la Kampala linahesabiwa. Mama anayevuka gogo lililofungwa kwa waya, mtoto mgongoni na ndoo ya maharage kichwani, hayumo. Mwanafunzi aliyevua viatu na kuvishika mkononi hayumo. Anayepanga fedha hawezi kuwapangia watu ambao hawamo kwenye jedwali lake.

Mara moja tu nakumbuka walionekana. Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo ikafika Hospitali ya Bwera, kila mtu aligundua ghafla kwamba mto Lhubiriha hauvukwi pale kwenye daraja la forodha peke yake. Wapimaji wa joto walipelekwa kwenye vijia ambavyo sisi tumevipita tangu utotoni kwenda kwa shangazi Kasindi. Hofu iliwafanya wakubwa wahesabu miguu. Sasa tuihesabu wenyewe bila kungoja ugonjwa.

Ombi langu kwenu ni hili: kila kijiji chenye kivuko, iwe ni gogo, mawe ya kukanyagia, daraja bovu au pwani ya mitumbwi, kiweke watu wawili wa kuhesabu. Siku tatu zinatosha: siku moja ya soko, maana Jumanne na Ijumaa nusu ya milima inashuka Mpondwe, siku moja ya shule isiyo ya soko, na Jumapili. Waanze saa kumi na mbili asubuhi, wamalize saa moja jioni, wakipokezana. Daftari la shule na kalamu, basi. Safu ziwe chache: watu wazima, wanafunzi, wenye mzigo, pikipiki, wagonjwa wanaobebwa. Pembeni wasimamishe mti uliochongwa alama kila futi, waandike maji yalifika wapi. Mwisho wa siku mwenyekiti wa kijiji (LC1) atie sahihi na muhuri, na nakala ibaki kijijini, kwa sababu karatasi zinazokwenda ofisini zina tabia ya kulala usingizi mzito.

Walimu, nyinyi mna ushahidi ambao hakuna mhandisi anao. Rejista ya darasa inaonyesha nani hakufika siku ya mvua. Toeni tarehe tu na idadi ya waliokosa kutoka ng'ambo ya mto. Vijana wa bodaboda, mnajua abiria hushukia wapi kwa sababu pikipiki haiwezi kwenda mbele. Orodhesheni mahali hapo. Wakunga na wahudumu wa afya wa vijiji, andikeni ni mara ngapi mama mjamzito alingoja maji yapungue. Wachungaji, mashehe na mapadri, tangazeni siku za hesabu baada ya ibada. Wazee wa ufalme wetu, Obusinga, neno lenu linasikika kilima hadi kilima kuliko barua ya ofisi yoyote.

Kuna jambo jingine, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Hatuwezi kuomba daraja kwa mkono mmoja na kulibomoa kwa mkono wa pili. Anayechimba mchanga na kokoto chini ya nguzo, mita chache kutoka msingi, anaukaribisha mto. Anayelima mpaka ukingoni na kung'oa matete anaukaribisha pia. Najua kokoto ni chakula cha watu. Akina mama niliowataja hawachezi pale. Basi kijiji kiamue mahali pa kuchimba, mbali na daraja, na kisimamie chenyewe. Serikali haitaweka mlinzi kwenye kila jiwe.

Sasa nyinyi wa pwani, Katwe, Kayanja, Kahendero na Hamukungu. Kama kuna mahali popote katika wilaya yetu chombo cha abiria kitapata kazi ya kweli, ni kwenu, kwa safari fupi kutoka pwani hadi pwani ambako barabara inazunguka ndani ya hifadhi au haipo. Wachuuzi wa samaki na jamaa za wavuvi wanapanda mitumbwi ileile ya kazi. Hesabuni nanyi: ni wangapi, kwenda wapi, siku gani. Daftari likionyesha umati, tutasimama pamoja nanyi kudai boti ya abiria yenye leseni, kwa kuwa Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inawahusu nyinyi kama inavyowahusu wa Ziwa Victoria. Lisipoonyesha, tutakuwa tumejiepusha na chombo cha kuozea pwani.

Lakini jaketi za kuokolea maisha zisingoje daftari. Mwaka 1994 MV Mtongwe ilizama Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa zaidi ya 200. Miezi miwili baadaye MV Templar ikazama upande wa Mukono ikaua zaidi ya 30. Hizo zilikuwa meli na boti kubwa. Mtumbwi wetu una mbao nne na injini moja. Chama cha wavuvi au kikundi cha akiba cha akina mama kinaweza kununua jaketi kumi, kikazikodisha kwa safari, na faida ikanunua nyingine. Na abiria akatae kupanda chombo kilichojaa. Nahodha akikosa abiria wanne kwa sababu hiyo leo, kesho atajaza kwa kiasi.

Wapo watakaosema kuhesabu watu ni kuwaletea kodi, na kwamba daftari lenye majina litaishia kwa wakusanya ushuru au askari wa mpakani. Hofu hiyo ina historia huku kwetu na siidharau. Kwa hiyo majina yasiandikwe, wala kabila, wala mtu anatoka nchi gani, wala amebeba nini. Ni mstari mmoja kwa kila mtu anayepita, kama wanavyohesabu mifuko ya kahawa wakati wa kupakia. Atakayeuliza jina, mnyang'anyeni kalamu.

Wakati wenyewe ni Septemba. Muhula wa tatu unakuwa umefunguliwa, mvua za pili zimeanza, mito imejaa na watoto wako njiani. Mikutano ya bajeti ya gombolola na wilaya huja miezi inayofuata, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Kijiji kitakachomaliza hesabu mwishoni mwa Septemba kitakuwa na wiki kadhaa za kujumlisha, kumpa diwani nakala mkononi na kumfuata mpaka ukumbini. Kitakachoanza Desemba kimechelewa mwaka mzima. Wanaoishi kando ya Lhubiriha waanze wao, kwa sababu wanavuka wengi zaidi siku ya soko, na wale wa Nyamugasani wafuate wiki hiyohiyo.